Fimbo ya Bwana Faki

"Ukimfukuza mwenye fimbo, ivunje na fimbo." Methali hii mmeisikia leo barazani, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Aliyeizaa ni punda. Msicheke, punda yule mimi najivunia kumtaja.

Chanzo chake ni hiki. Bwana Faki alikuwa na kinu cha kukamua ufuta. Punda wake, Siwatu, alikizungusha tangu alfajiri, macho yamefungwa kitambaa, na akipunguza mwendo alichapwa fimbo ya mkwaju. Ng'ombe, mbuzi na kuku nao waliionja. Mgongo wa Siwatu ulijaa makovu yasiyoota nywele.

Siku moja akasimama, akagoma kusogea. Bwana Faki alipoinua fimbo, alikula teke. Ng'ombe wakavunja zizi, mbuzi wakaja na pembe. Bwana akatoka mbio bila viatu, wala hakurudi tena.

Wanyama wakashangilia, kisha wakakosea. Fimbo waliitundika mlangoni iwe ukumbusho, wakamweka beberu ailinde. Wiki ya kwanza beberu aliibeba mdomoni akionyeshea njia. Ya pili akawagusa nayo kuku wavivu. Ya tatu akamtandika ndama, halafu akamletea Siwatu kile kitambaa cha macho.

"Kinu hakijizungushi, dada," alisema.

"Nitakizungusha, maana mafuta ni yetu sote. Ila macho yangu wazi."

Beberu akaona wenzao wanatazama, akalainisha sauti. "Basi fimbo shika wewe. Ndiwe uliyetukomboa, nani atakubishia?"

Siwatu akaipokea kwa meno. Ilimkaa vizuri, na kwa kweli aliitamani, kwani makovu yake hayakuwa yamesahau. Lakini alipogeuka, ndama akarudi nyuma. Ng'ombe nao wakarudi, wale wale waliosimama naye siku ya teke. Hilo lilimuuma kuliko mkwaju wenyewe.

Akaiweka chini, akaikanyaga mpaka ikakatika vipande vitatu. Kisha akaenda kinuni kichwa juu, macho wazi, na ng'ombe mmoja akaja kumsaidia bila kuitwa. Mwaka ule walikamua mafuta mengi kuliko wakati wowote wa Bwana Faki, na hakuna aliyechapwa.

Kwa hiyo mkimsikia mtu akijigamba kwamba amemtimua bwana, mpeni heko yake, kisha mwulizeni fimbo iko wapi. Ukimfukuza mwenye fimbo, ivunje na fimbo.