Kwa Nini Wafugaji Hushika Sikio la Ng'ombe Asubuhi

Zamani zile nyasi hazikuwa na neno na mtu. Zililiwa mwaka mzima, hata mbegu hazikupata kukomaa, nazo zikanyamaza. Mwisho zikachoka. Nyasi za bondeni, kule nyanda za juu kwenye baridi, zikamkaribisha kuvu akae ndani ya mashina yao kwa sharti moja: kila atakayezila zikiwa zimebeba mbegu, kuvu amkaze mishipa ya damu.

Tapkigen hakuyajua hayo, na angeyajuaje? Alikuwa bibi mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, mweusi, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake asiye na mama. Baridi ilipoingia, ng'ombe, aliyekuwa akichungwa bondeni, akaanza kuchechemea na maziwa yakapungua. Tapkigen akamwita shemeji yake, Arap Birgen, mtu asiyekosa jibu.

"Amedhoofu tu, shemeji," alisema Arap Birgen. "Mkatie nyasi za bondeni, zile zilizonona kwa mbegu."

Huko kwao ng'ombe mgonjwa hulishwa kwa mkono, kwa heshima zote za mgeni. Tapkigen akawa anashuka bondeni kila siku, anamlisha konzi kwa konzi huku akimwimbia. Kadiri alivyomlisha ndivyo ng'ombe alivyozidi kuumwa. Damu ilikuwa haifiki tena miishoni mwa mwili. Ncha ya mkia ikakauka, ikadondoka, na masikio yakawa baridi kama jiwe la kisimani.

Kisha mvua ikafunga njia ya bondeni karibu wiki mbili. Ng'ombe akala mabua makavu ya wimbi, na Tapkigen akaona haya kumpa mgonjwa chakula duni namna hiyo. Asubuhi moja akamshika sikio. Lilikuwa na joto.

Arap Birgen alimkuta palepale zizini, analia.

"Nilikuwa namuua mimi, shemeji," alimwambia. "Kwa mkono huu huu."

Yule mjuaji akainama, naye akamshika ng'ombe sikio la pili.

Ng'ombe alipona, ila kwato moja ilibaki mbovu hadi kufa kwake. Mtoto akapata maziwa, na nyasi zikaachwa zikomaze mbegu zao.

Na tangu siku hiyo, wafugaji wa nyanda zile hushika sikio la ng'ombe kila asubuhi kabla ya kumfungulia. Likiwa baridi, humhamisha malisho siku hiyo hiyo. Wala hawaulizi ng'ombe amekula nini. Hujiuliza wao wamemlisha nini.