Wali wa Kukataa

Sogeeni, wanangu, mnitegee masikio. Huko milimani kwa Wamiao, kusini mwa Uchina, kila masika wasichana huwapikia wachumba wali wa rangi. Kijana akikuta ndani vijiti viwili vya kulia chakula, amependwa. Akikuta kitunguu saumu, aende zake.

Mwaka mmoja msichana aitwaye Abao alijiwa na kijana mzuri ajabu, ila nyasi alizokanyaga zilinyauka. Abao akatambua: hili ni zimwi! Akalipakulia wali wenye kitunguu saumu. Likala, likasema, "Mtamu. Niongeze."

Akaliongezea wenye pilipili. Likala, likasema, "Mtamu. Niongeze."

Mara ya tatu akatia makaa ya moto. Likayatafuna, kru, kru, kru.

"Mama, nimemkataa mara tatu!" Abao akamlilia mama yake, aliyekuwa kando.

"Nimeona, mwanangu," mama akajibu. "Lakini huyu kukataliwa hakujui."

Zimwi likamshika Abao mkono, likapanda naye mlimani. Alipogeuka kuwatazama vijana wa kijiji, wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Hapo ndipo hadithi niliyosimuliwa ilipoishia. Kama Abao alirudi, mimi sijui.