Kamba ya Mitungi Mitupu

"Mtungi mtupu nao hufungwa kamba." Mmeisikia jana kwa mama zenu, mkacheka, mkauliza ni nani wa kuhangaika na kitu kisicho na kitu ndani. Basi sogeeni. Methali hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa milima hii hii.

Chanzo chake ni Jumanne moja ya msimu wa viazi, siku ambayo guta la gesi halikupanda Kwemshai. Kwa miaka kumi na mmoja Hoza alikuwa akilipandisha guta lile, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, na wanawake walijua gesi imefika kwa mngurumo wake kwenye kona ya mwisho. Jumanne hiyo walitega masikio mpaka adhuhuri. Hawakujua kwamba Hoza alikuwa amefariki alfajiri kwa homa ya mapafu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, Zaina.

Hoza alikuwa mtu wa mizaha, ila mitungi hakuifanyia mzaha. Mtungi uliojaa aliusimamisha wima na kuufunga kamba mara mbili. Uliokwisha, vivyo hivyo. Vijana wa kijiweni walimchokoza, "Mzee Hoza, unamfunga maiti asitoroke?"

"Maiti wangu huyu bado anapumua," alijibu, akakaza fundo, wakaangua kicheko.

Zaina alipotoka edani alikwenda kwa Shemdoe, wakala wa gesi na mwenye guta, akamwomba kazi ya mumewe. Kuendesha alijua, Hoza alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, akimkimbilia kwa nyuma na kupiga makofi kila alipokata kona bila kugonga goli. Alitamani kuushika usukani ule ule. Ndicho kitu pekee cha Hoza ambacho bado kilikuwa na safari.

Shemdoe alijikuna kidevu. "Shemeji, kazi hii si usukani tu. Mtungi ukishapanda kwenye bodi, ni mzigo wa hatari mpaka ushuke. Kanuni haiulizi umejaa au umekwisha. Hakuna abiria, hakuna moto karibu. Nakupa safari moja, ile ya harusi ya Kwemshai. Nikisikia umepakia mtu pamoja na mitungi, funguo nampa mwingine."

"Nimekuelewa, shemeji."

Alipeleka mitungi minne mikubwa ya kupikia pilau, akarudi siku ya harusi kuichukua baada ya watu kula. Kazi nyepesi, mngedhani. Lakini kungwi wa bibi arusi alikuwa Bi Sauda, dada mkubwa wa Hoza, mwanamke ambaye akikohoa hata jogoo hunyamaza. Na watu wa Kwemshai wana desturi yao: chetezo kinachofukizwa udi kwao bibi arusi lazima kifike kwa bwana arusi kikiwa bado kinawaka. Kikizimika njiani, mashangazi wa upande wa pili wana wimbo wa kuwasimanga mwaka mzima.

Saa kumi chetezo kilikuwa kinafuka, bibi arusi Mwajabu amejitanda tayari, na gari la kukodi limekufa uani. Dereva alikuwa chini yake, miguu tu ikionekana.

Bi Sauda akaliona guta. "Haya, kinamama! Usafiri huu hapa. Mitungi ndiyo viti!" Akajifunga kanga kiunoni, chetezo mkononi, akaukanyaga ubao wa bodi.

Zaina alikuwa bado anafunga mtungi wa tatu. Wifi yake hakuwahi kukataliwa jambo mbele za watu.

"Shikamoo, wifi. Nisamehe, shuka. Siwezi kupakia mtu."

"Marahaba. Huwezi nini? Mitupu hiyo! Tumekwisha kula pilau yake."

"Mtupu nao ni mzigo, wifi."

"Jamani, sikieni!" Bi Sauda aliwageukia wenzake. "Mdogo wangu kaondoka, kaniachia mjane anayefunga makopo kama mbuzi wa mnadani!"

Wanawake walicheka. Zaina naye nusura acheke, maana maneno hayo Hoza angeyapenda. Kisha akasema taratibu, "Basi nipe nafasi moja tu. Chetezo kipelekwe kule, nyuma ya zizi. Kikishafika, wewe mwenyewe sogea usikilize."

Chetezo kikapelekwa mbali. Bi Sauda akainamisha sikio kwa dharau, huku akiwakonyeza wenzake. Zaina akaigusa koki ya mtungi wa nne, akaizungusha kidogo sana, kisha akaifunga.

*Tsssss.*

Bi Sauda aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Harufu ikamfikia, akabana pua. "Eee! Unapumua!"

"Ndiyo, wifi. Unapumua."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, ila Bi Sauda hakucheka. Alikuwa ameyakumbuka maneno ya mdogo wake pale kijiweni, na machozi yakamlengalenga. Alitazama chetezo kule zizini, akautazama mtungi. Kisha akaokota ncha ya kamba iliyokuwa chini.

"Nionyeshe fundo lake," alisema.

Wakaufunga pamoja, huyu anavuta huku, yule kule.

"Haya, Mwajabu, vua viatu!" Bi Sauda alipaza sauti. "Leo tunashuka kwa miguu, na udi wetu mbele!"

Wakashuka kilomita tatu kwa vigelegele, upepo wa mlimani ukikipuliza chetezo mpaka makaa yakawa mekundu kama pilipili. Nyuma sana, kwa gia ya kwanza, likafuata guta na mitungi minne imesimama wima kama wazee wa ukoo. Watu walitoka mashambani wakajiunga. Harusi iliyoanza na wanawake ishirini ilifika na watu mia mbili.

Mashangazi wa bwana arusi walikuwa mlangoni na wimbo wao. "Mmekosa gari? Mbona guta lilikuwapo, tena tupu?"

Bi Sauda aliinua chetezo kinachowaka, akajibu, "Mtungi mtupu nao hufungwa kamba!"

Shemdoe alilisikia jibu hilo kutoka dukani kwake, ng'ambo ya barabara. Zaina alipofika kumrudishia funguo, hakuzipokea.

Mwaka uliofuata mtu mmoja msibani alisema kwamba Zaina sasa ni mjane tu, kwake hakuna kitu tena. Bi Sauda akamjibu kwa maneno yale yale, na yule mtu akasogeza kiti chake nyuma. Toka hapo methali haikuhitaji kuelezwa.

Guta linapanda Kwemshai kila Jumanne. Kwenye kona ya mwisho Bi Sauda husimama akisubiri kushika ncha ya pili, kwa kuwa mtungi mtupu nao hufungwa kamba.