Malisho ya Bi Mize

Ukihusudu malisho, uliza samadi iendako. Methali hiyo mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Basi kaeni, mwanzo wake ni huu.

Huko mjini Shungi kulikuwa na desturi: bwana harusi hapelekwi kwa bibi harusi kwa miguu, hupandishwa farasi. Kwa miaka mingi farasi huyo alitoka kwa Shekue, kama alivyotoka kwa baba yake na babu yake. Kisha watu wakaanza kumwendea jirani yake, Bi Mize, mjane mwenye farasi wawili wanaong'aa manyoya.

Shekue aliumwa na kijicho hadi chakula hakimpiti. Kiwanja chake kilikuwa vumbi tupu, kwa kuwa farasi wake walilala na kula pale pale mwaka mzima. Mavi yao aliyasukumia kijitoni, maji yayachukue. Ng'ambo ya ua, Bi Mize alikuwa amekigawa kiwanja chake mafungu matatu. Fungu moja likiliwa, mawili yamefungwa, nyasi zimesimama hadi magotini.

"Nani mwenye akili anafuga nyasi asizilishe?" Shekue alijiuliza. Akaona jibu ni moja tu: mle mmefukiwa kago, dawa ya mganga ya kustawisha shamba.

Zilipobaki siku tatu tu kabla ya harusi ya mtoto wa liwali, Bi Mize alikwenda maulidini. Shekue akafungua lango, akamwingiza farasi wake mkubwa fungu lililonenepa kuliko yote, ale hiyo baraka mpaka ashibe. Farasi aliyezoea vumbi alikula kwa pupa alasiri nzima. Kufika magharibi alikuwa chini, tumbo limemvimba, anagaagaa.

Bi Mize alirudi, akawakuta. Hakugomba. Alimsaidia kumwinua farasi na kumtembeza polepole, mpaka tumbo likalegea. Shekue akashindwa kuvumilia.

"Dada Mize, umefukia nini humu?"

"Mavi ya farasi, mdogo wangu. Nayaweka shimoni mbali na kisima, nayafunika makuti miezi sita yaoze, ndipo nayatia humu malishoni. Na nyasi nazipumzisha. Ya kwako unayapeleka wapi?"

Shekue alitazama kijito. Maji yalikuwa ya kijani, na farasi wake walikuwa wameacha kuyanywa siku nyingi. Aliona haya.

Siku ya harusi, yule farasi mkubwa wa Shekue hakuweza kubeba hata tandiko. Bwana harusi alipanda wa Bi Mize. Nyuma ya msafara, kanzu ameikunja mapajani, alitembea Shekue na kikapu, akizoa kila kilichoanguka. Watu wakamtania kuwa ameajiriwa na mkia. Wivu ulikuwa bado unamchoma, wala hakuuficha, ila sasa ulikuwa umepata kazi. Akajitwika kikapu na kuwajibu:

"Ukihusudu malisho, uliza samadi iendako."