Puto la Zamda

Wahenga walituasa kwamba ukimya ukizidi tutege masikio, maana huenda kuna kishindo kinachojiandaa. Haya yaliwakuta watafiti waliokuja Tabora na ndege yao, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, kupima misukosuko ya hewa isiyoonekana kwa macho. Wiki mbili walizunguka bila kukutana na lolote, wakalegea.

Zamda alikuwa mpima hali ya hewa kiwanjani. Kila asubuhi alirusha puto na kulifuata kwa darubini mpaka lipotee. Alikuwa mtulivu kama maji mtungini. Rubani wa watafiti, Kapteni Pazi, alimwandama kwa maneno, kwani Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Zamda aliinamisha kichwa tu. Moyo wake ulikuwa kwa Yahaya, fundi wa vyombo vya kupimia hewa ndegeni, ambaye hewani alisimama kando ya kipimo chake bila mkanda. Mapenzi hayo hakumwambia mtu.

Siku hiyo anga lilikuwa jeupe pe, halina wingu hata la dawa. Puto lilipofika juu sana likaanza kupanda na kuzama, kupanda na kuzama, kama linaogelea. Zamda akaiacha darubini, akaikimbilia ndege.

"Kapteni, juu kuna mawimbi. Leo kila mtu afunge mkanda."

"Mawimbi?" Pazi akacheka. "Mtani, Unyamwezini mna bahari tangu lini?"

Zamda akaketi chini mbele ya gurudumu, na gauni lake safi. "Basi mimi mtani wako nimekukamata. Hupiti mpaka ulipe, na malipo yangu ni mikanda."

Pazi akakwama. Mtani akikukamata hukasiriki, unalipa.

"Yahaya, kaa ujifunge," alisema. "Huyu bubu leo kaniweza."

Walipovuka Urambo, anga likiwa jeupe vilevile, ndege ilidondoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, ikarushwa juu, ikadondoka tena. Sanduku la spana lilipaa likabonyeza dari, pale pale juu ya alipozoea kusimama Yahaya.

Waliporudi, Yahaya alishuka na karatasi ya kipimo, mistari yake ikipanda na kuzama. "Puto lako hili," alimwambia Zamda, akimshika mkono.

"Mtani," Pazi akasema, "kuanzia leo ukininyamazia nitaogopa."

Zamda akainamisha kichwa kama kawaida yake, ila mkono wa Yahaya hakuuachia. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.