Sanduku Lisilobebwa kwa Ujira

"Ukimwita mwenzio mchukuzi, mzigo jitwike." Leo asubuhi mmemsikia Bi Mwanaidi akimwambia hivyo mwanawe mbele ya wageni, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Sasa mnauliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka kinywani mwa mtu wa hapa hapa Mtambani, siku moja ya jua kali, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na mtu huyo alikuwa na haki ya kulisema. Sikilizeni lilivyozaliwa.

Zamani hizo, mkonge ulipokuwa dhahabu ya wengine na jasho la kwetu, palikuwa na vijana wawili, Mhando na Idrisa. Waliingia jando siku moja, wakalala mkeka mmoja, wakaimba pamoja nyimbo za kusahau maumivu. Walipokua, Idrisa alisoma akapata ukarani katika ofisi ya shamba la mkonge, na Mhando akashika kisu cha kukatia mkonge katika shamba hilo hilo. Mmoja aliandika majina ya wakataji, mwingine aliandikwa. Hata hivyo jioni walikutana wakataniana kama zamani, na Mhando hakudhani hata siku moja kwamba kalamu inaweza kumtenga na mwenziwe.

Kisha Idrisa akachumbia.

Mnaijua desturi yetu ya sanduku, ingawa siku hizi mnaifupisha. Bwana harusi hununua sanduku la bati, akalijaza nguo, viatu, manukato na udi vya bibi harusi. Tangu kitu cha kwanza kinapotiwa ndani, sanduku hilo haliguswi na mtu wa kulipwa. Halipandi mkokoteni wala teksi. Hubebwa kichwani na rafiki wa jando moja na bwana harusi, kwa mapenzi tu, mpaka mlangoni kwa wazazi wa msichana. Na rafiki huyo akikosekana, hubebwa na bwana harusi mwenyewe. Suala la basi wazee walilijadili siku nzima, wakaliruhusu kwa shingo upande, kwa kuwa hapana kichwa kiwezacho kutoka Dar es Salaam kwa miguu. Lakini hata hapo mbebaji hupanda mwenyewe juu ya keria kulifunga. Sanduku lililobebwa kwa ujira, walisema wazee, humwambia bibi harusi kwamba mumewe hana mtu duniani.

Mbebaji naye ana heshima yake. Siku ya karamu huketi ubavuni mwa bwana harusi, wakala sinia moja, na jina lake hutajwa kabla ya majina ya wajomba. Mkata mkonge hatajwi jina mahali pengi, vijana. Hutajwa kwa namba. Kwa hiyo Idrisa alipomteua Mhando mbele ya wazee, Mhando alikwenda kununua shati jeupe, la kwanza maishani mwake, na mama yake akamshonea ngata kwa kipande cha kanga yake mwenyewe ya harusi, ili sanduku la watu likae vizuri kichwani.

Walisafiri watatu kwenda Dar es Salaam kununua sanduku. Wa tatu alikuwa Zuberi, mtoto wa mwenye duka, kijana mwepesi wa kicheko, aliyeingia jando miaka miwili baada yao. Walilala Magomeni kwa shangazi yake Zuberi. Asubuhi yule mama akawashauri watembee kwanza waone jiji, kisha ndipo wanunue, maana mwenye mikono mitupu ndiye atembeaye. Idrisa hakutaka. Alisema vitu vizuri huisha mapema, na kwamba Mhando ana shingo ya ng'ombe, hatahisi kitu. Mhando akacheka. Ulikuwa utani wa marafiki, na aliupokea kwa moyo wa rafiki.

Basi kufika saa nne sanduku lilikuwa limekwisha nunuliwa Kariakoo, la buluu lenye maua mekundu, na limejaa hata kifuniko kikafungwa kwa kukaliwa. Mhando akaweka ngata, wenziwe wakamtwika, wakaanza kulitazama jiji.

Sasa fikirini. Mtu mwenye sanduku la bati kichwani hawezi kuinua uso. Idrisa na Zuberi walitembea wakishangaa ghorofa, wakihesabu madirisha, wakibishana ni ipi iliyo ndefu kuliko zote. Mhando aliona viatu. Aliona mitaro, vizingiti, matairi ya magari na miguu ya watu wa jiji, nayo ilikuwa na vumbi kama ya watu wa Mtambani. Walipofika kwenye ile sanamu ya askari, wenziwe waliizunguka mara mbili, wakasema bunduki yake inaelekea bandarini. Mhando aliona jiwe ilikosimama. Walipofika makumbusho, bawabu alisema mizigo haiingii. Idrisa akamwambia asubiri kidogo tu. Kidogo hicho kilikwenda saa nzima, na Mhando alisimama juani kwa sababu sanduku la harusi haliwekwi chini ovyo.

Hakunung'unika. Alijua amekuja kufanya nini. Kila jasho lilipomwingia machoni alijiambia kwamba huu ndio uzito wa heshima, na kwamba Jumamosi ijayo jina lake litaitwa mbele ya mji mzima. Kwa mawazo hayo mtu anaweza kubeba sanduku mpaka Bagamoyo.

Adhuhuri walikuwa wanapita mbele ya mgahawa mmoja wenye viti vya chuma na feni darini, ndipo mtu akamwita Idrisa kwa jina. Alikuwa Thabiti, aliyesoma naye, sasa mtu wa ofisi kubwa mjini, amevaa miwani myeusi na viatu vinavyong'aa. Walikumbatiana. Thabiti akampa mkono Zuberi, akaulizia hali ya shamba, akasema ni lazima wakae wanywe kitu baridi kwa gharama yake. Kisha akamwona Mhando amesimama nyuma yao, shati jeupe limemganda mgongoni, rangi ya buluu ya sanduku imemchujukia kwenye kola.

"Na huyu?" aliuliza. "Mko naye?"

Idrisa alimtazama Mhando. Alimtazama vizuri, kuanzia kola hadi kandambili, kama mtu anayemwona leo.

"Aa, huyu ni mchukuzi wetu tu," akasema.

Zuberi akacheka. Labda kwa aibu, labda kwa mazoea. Kicheko hakina maelezo. Thabiti akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaibana katika vidole vya Mhando vilivyoshika ukingo wa sanduku. Akamwambia akanywe maji, tena asisimame pale mlangoni maana anazuia watu kupita. Wakaingia ndani wote watatu.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Wengine wangemeza. Wengine wangesema ni neno tu, na mwenzangu hakukusudia. Na hawa wanaomeza ndio wanaowazoesha wakubwa kutukana! Mhando alisimama akiiangalia ile sarafu mkononi. Alikuwa amechomwa na miiba ya mkonge miaka sita, na hakuna mwiba uliowahi kuingia mahali pale ilipoingia sarafu hiyo. Akapiga goti, akalitua sanduku peke yake, taratibu, juu ya kibaraza cha mgahawa. Akaiweka sarafu katikati ya kifuniko, juu ya ua jekundu. Kisha akaingia ndani mpaka mezani kwao.

"Idrisa, njoo nje."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Soda ndiyo kwanza zimekuja."

"Njoo nje, au niyaseme hapa hapa."

Idrisa alitoka. Zuberi na Thabiti wakafuata, na watu wa meza za jirani wakageuza viti.

"Umesema mimi ni nani?"

"Yalikuwa maneno tu, Mhando. Yule mtu wa mjini. Ningemweleza mambo ya jando, angeelewa nini?"

"Sikukutaka umweleze jando. Ungesema, huyu ni Mhando. Maneno matatu, mojawapo jina langu."

Idrisa alitazama huku na huku. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amekosa, na wayaache, basi linaondoka saa tisa.

"Kutoka Kariakoo mpaka hapa nimelibeba nikiwa mwenzio," Mhando alisema, naye hakushusha sauti. "Hapa mlangoni umeniita mchukuzi, na rafiki yako amenilipa. Ujira wangu ule pale juu ya kifuniko. Kichwa hiki kimekwisha lipwa, Idrisa, na desturi unaijua. Hakiligusi tena."

Zuberi akajaribu kuleta mzaha, akasema basi warudishe tu hela ya watu na mambo yaishe. Mhando akamgeukia.

"Wewe Zuberi kinywa chako kimeshafanya kazi yake leo. Kipumzishe."

"Sasa nani atalibeba?" Idrisa aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ukimwita mwenzio mchukuzi, mzigo jitwike."

Akaikunja ngata ya mama yake, akaitia mfukoni, akashuka barabarani. Na jambo la kwanza alilolifanya ni kuinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona ghorofa zinavyokwisha. Juu kabisa palikuwa na nguo zimeanikwa, na kunguru wawili wanagombania kitu. Akasimama akatazama mpaka aliporidhika.

Nyuma yake mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Thabiti alikumbuka kwamba ana kikao. Mwenye mkokoteni alisogea akataja bei, na Idrisa alikuwa karibu kukubali, lakini Zuberi alimwambia kwamba nyumbani wazee watauliza, na yeye hataapa uongo kwa ajili ya sanduku. Yeye mwenyewe hakuwa wa jando lao, asingeweza kulibeba. Basi Idrisa akavua koti lake la ukarani, akalikunja likawa ngata, na Zuberi akamtwika.

Mhando alitembea ng'ambo ya barabara, mikono mgongoni, akiyakagua majumba kama mwenye kodi zake. Kila alipogeuka alimwona Idrisa: shingo imezama, magoti yanatafuta njia, macho yamefungiwa kwenye viatu vya watu. Hakufurahi. Asiwadanganye mtu kwamba alifurahi. Hasira yake ilikuwa nzima, na hasira nzima haina nafasi ya furaha.

Karibu na kituo cha mabasi, mama mmoja muuza vitunguu, mwenye magunia miguuni, alimwona Idrisa akipita.

"We mchukuzi," akaita, "ukitua hilo, nirudie. Nina magunia mawili hapa."

Idrisa alisimama. Alitaka kumgeukia, lakini shingo iligoma.

"Mama, mimi si mchukuzi."

"Kila mchukuzi husema hivyo akichoka, mwanangu," yule mama alisema bila ubaya wowote. "Nenda katue, nitakungoja."

Ndipo Idrisa alipomtafuta Mhando kwa pembe ya jicho, akamwona ng'ambo, na Mhando akamwangalia pia. Idrisa akaendelea mpaka kituoni, akapanda ngazi ya basi na viatu vyake vya ngozi, akalifunga sanduku kwenye keria kwa mikono iliyozoea kalamu, huku utingo akimkemea kwamba anachelewesha abiria.

Harusi ilifanyika. Sanduku lilipokelewa, kwa kuwa kichwa cha bwana harusi si kichwa cha kulipwa. Wazee waliuliza kwa nini amelibeba mwenyewe ilhali mwenzake wa jando yu hai, tena mzima. Zuberi ndiye aliyeeleza yote, pamoja na kicheko chake. Siku ya karamu Mhando alikuja. Hakukimbia kitu. Alikaa na wakataji mkonge wenzake, akala akashiba. Ubavuni mwa Idrisa, penye sinia, palibaki wazi, na hakuna mjomba wala ndugu aliyethubutu kupakalia.

Msiulize kama alimsamehe. Kila niisimuliapo hadithi hii hapakosi mpole mmoja wa kuuliza hivyo, kana kwamba aliyetukanwa ndiye mwenye deni. Huenda alisamehe, huenda hakusamehe. Hayo yalikuwa yao. Sisi tulichoachiwa ni neno lake. Mkienda na mwenzenu mahali pa wakubwa, mkaulizwa huyu ni nani, litajeni jina lake kwa sauti, hata kama shati lake limelowa. Vinginevyo mnajua mtakachoambiwa.

Ukimwita mwenzio mchukuzi, mzigo jitwike.