Jina la Kindi Kwenye Nguzo ya Uwanja

— Ngano, ngano.
— Tupakulie.
— Ni ya moto.
— Tutapuliza.
— Ina mfupa.
— Tutaguguna.

Haya, kaeni vizuri, na wewe unayejikuna, maliza kwanza.

Mbali, ng'ambo ya bahari na bahari nyingine, kuna kisiwa kinaitwa Ayalandi. Huko mvua hainyeshi ikapita kama kwetu. Huko mvua imehamia, ina kwake. Nyoka hakuna hata mmoja, kwa hiyo sumu yote ya kisiwa imebaki midomoni mwa wenyeji. Wenyeji wa zama hizo walikuwa wanyama, na wanyama hao walikuwa na wazimu mmoja: mbio.

Uwanja wao ulikuwa matope matupu. Sasa kwenye matope, mguu mzito unazama, chopo, chopo, chopo, na mguu mwepesi unapita juu kwa juu, tiri-tiri-tiri. Ndiyo maana bingwa wa mbio ndefu hakuwa Farasi. Alikuwa Brona binti Kindi, mwili kiganja, mkia ufagio. Misimu mitatu mfululizo alifika wa kwanza. Misimu mitatu wanyama wakapiga makofi, pa-pa-pa, wakaenda kula viazi, wakasahau.

Miaka ikaenda. Brona akazeeka, manyoya ya kidevu yakawa meupe. Akipita sokoni wanasema, "Yule si yule nani, aliyekuwa nani hii?" Wanaishia hapo, kana kwamba wamesema kitu.

Farasi naye hakusahaulika hata siku moja, kwa sababu hakunyamaza hata siku moja. Kifua mlango, sauti ya kupasua vikombe. Kila mbio alifika wa tano. Lakini katika masimulizi yake mwenyewe alikuwa anasogea mbele kila mwaka, wa nne, wa tatu, wa pili, hadi akawa wa kwanza, na hakuna aliyemuuliza alipitia wapi.

Basi asubuhi moja ikatangazwa: kwenye nguzo ya mwaloni, pale langoni mwa uwanja, imebaki nafasi ya jina moja tu. Saa sita mchana Kigogota atalichonga kwa mdomo wake jina la bingwa wa mbio ndefu. Baada ya hapo nguzo imejaa, basi.

Brona aliposikia alishuka mtini kasi hadi goti likalia, kwacha! Akakimbia, tiri-tiri-tiri, akafika langoni anahema. Akamkuta Farasi ameshafika, singa zimechanwa, anamtajia Kigogota herufi za jina lake.

"Bwana Farasi," akasema Brona, "mbio zile nilishinda mimi."

Farasi akainamisha kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. "Nani mwenzangu?"

"Brona."

"Brona yupi, bibi? Sogea, utakanyagwa bure."

Brona akawageukia wanyama waliokwisha kusanyika. "Mama Kondoo, mwaka wa kwanza ulikuwepo. Nani alishinda?"

"Nilikuwepo, nakumbuka kama jana," akasema Mama Kondoo. "Ilinyesha hadi sufu ikanielemea, nikaanguka mtaroni."

"Ndiyo. Nani alishinda?"

"Hapo sasa."

"Na wewe, Bata?"

"Mimi mwaka wa pili nilikaa mbele kabisa. Viazi vilikuwa vibichi katikati. Nikamwambia muuzaji, dada, hivi viazi ni vibichi."

"Nani alishinda, Bata?"

"Si yule aliyekuwa mbele?"

Kigogota alikuwa anajaribu mdomo kwenye nguzo, ko, ko. Saa sita inakuja. Ukweli Brona ameutandaza pale, hakuna hata aliyeuliza bei. Akili yake ikazunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili. Akaweka mkono kifuani, akaiachia sauti itetemeke kama ya kikongwe wa kweli.

"Nisameheni jamani, uzee huu. Sasa nakumbuka. Alikuwa Bwana Farasi."

Farasi akacheka, hii-hii-hii. "Mmemsikia."

"Tena mbio zilikuwa mizunguko minane, wenzake wakakata pumzi kwenye wa tano. Aliyemaliza minane, ni wewe?"

"Ni mimi, nani mwingine?"

"Na kila mzunguko akaruka ukuta wa mawe, kwa raha zake tu, hakuna aliyemtuma. Ni wewe?"

"Ni mimi, nani mwingine?"

"Akashinda hivyo misimu mitatu. Ni wewe?"

"Mitatu yote. Nani mwingine?"

"Halafu akapanda juu ya ukuta, akasema: siku mtakapotaka kuchonga jina langu, nitazikimbia tena mbele yenu mbio zangu zote, ndipo mchonge. Maneno yale yalinitoa machozi, Bwana Farasi. Ni wewe?"

Mdomo wa Farasi ulikuwa umeshazoea njia. "Ni mimi, nani mwingine," ukasema, na masikio yake yakashtuka nyuma yake, yamechelewa.

Uwanja ukalipuka. Wanyama wale kukumbuka mbio hawakujua, lakini kuzitazama bure, nani akatae? Wakaanza kuimba, akimbie, akimbie. Mama Kondoo akakwea ukutani. Bata akawahi mbele kabisa. Farasi akatazama kulia, akatazama kushoto, kote macho. Akakimbia.

Mzunguko wa kwanza alikwenda kwa madaha. Chopo-chopo-chopo, akafika ukutani, hup, akaruka, matope yakamvaa Bata usoni, Bata akashangilia. Wa pili akaanza kutoa povu. Akampita Brona, ambaye alikuwa ameshakwea juu ya nguzo akakaa.

"Imebaki mingapi?"

"Sita. Aliyemaliza minane alikuwa nani?"

"Mimi."

"Basi kaza."

Chopo, chopo. Hup. Wa tatu. Chopo, chopo. Hup. Wa nne. Akapita tena, ulimi nje.

"Imebaki mingapi?"

"Minne. Aliyemaliza minane alikuwa nani?"

"Mimi."

"Basi kaza."

Wa tano akaligonga jiwe la juu, gara-gara-gara, ukuta ukamwaga nusu. Wanyama wakaupanga upya haraka haraka, wasije wakakosa uhondo. Wa sita alizama hadi magotini akajing'oa mwenyewe, pwaa. Wa saba akaumaliza.

Hapo Brona akasimama wima juu ya nguzo. Farasi alikuwa mwongo, lakini mvivu hakuwa. Ameuanza wa nane. Amefika ukutani. Ameruka. Umati wote umesimama, unamwita kwa jina, na Kigogota ameshainua mdomo kwenye nguzo. Farasi akaburuta kwato za mwisho, akasimama chini ya Brona, mbavu zinapanda na kushuka, hee-foo, hee-foo.

"Minane," akasema. "Chonga."

"Hongera," akasema Brona. "Hiyo ni ya msimu wa kwanza. Imebaki misimu miwili. Minane na minane, kumi na sita."

Farasi akautazama uwanja. Akautazama ukuta.

"Si mimi."

"Pandisha sauti, Bwana Mkubwa, Bata hasikii."

"Si mimi niliyeshinda."

"Nani basi?"

"Wewe."

"Wewe nani? Kigogota hawezi kuchonga wewe."

Farasi akafumba macho, akalitafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano ndani ya gunia. "Bridi?"

"Mzunguko mmoja utakukumbusha."

"Breda?"

"Miwili."

Farasi akaona kifo kinamjia na viatu vya matope. Akafungua koo, akapiga mlio ule wa kupasua vikombe, ukavuka uwanja, ukavuka mashamba ya viazi, ukafika hadi ufukweni. "Brona. Brona binti Kindi. Alishinda yeye, misimu yote mitatu. Mimi nilikuwa wa tano."

Ko-ko-ko-ko-ko. Kigogota akachonga. Saa sita kamili nguzo ikajaa.

Wiki haikuisha, Farasi akapata pumzi na mdomo ukapona. Mkimkuta langoni anawasimamisha wageni. "Mnaona jina hili? Brona binti Kindi, bingwa mara tatu. Ni mimi niliyemgundua. Ningenyamaza, nani angemjua?"

Mama Kondoo akamwendea Brona. "Shoga, unamwachia tu anajisifu hivyo?"

Brona alikuwa anaguguna kokwa. Akatema ganda. "Nimkataze ili iwe nini? Hawezi kujisifu bila kuanza na jina langu. Na sauti anayo."

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni, meno mawili ninayo bado.

Na funzo lake, maana ngano bila funzo wazazi wenu watalalamika: mtenda mema hana haja ya kujitaja, wala ya ujanja. Atulie tu, jamii haisahau. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu wetu wa darasa la nne, mwalimu hodari sana, aliyetutoa ujinga sisi sote. Mwalimu nani yule. Mrefu hivi. Mwaka ule mahindi yaliliwa na nyani.